Mtu wa Makaburini na Kijana wa Machimbo

Somo kwa wakatekumeni juu ya Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 5, aya ya 1 hadi ya 20

Mtakatifu Marko asimulia habari za mtu mmoja wa nchi ya Wagerasi, ng'ambo ya bahari ya Galilaya, ambaye makao yake yalikuwa makaburini. Mchana na usiku alizunguka milimani akipiga kelele na kujikatakata kwa mawe. Watu wa mji wake walikuwa wamejaribu yale waliyoyajua: walimfunga pingu miguuni na minyororo mikononi. Naye aliikata minyororo, akavunja pingu, akarudi makaburini. Mwishowe walichoka naye. Mtakatifu Matayo aongeza kwamba hakuna aliyethubutu tena kupita njia ile.

Yezu alivuka bahari, na mara alipoweka mguu pwani, wa kwanza kumlaki alikuwa mtu huyo. Mitume walikuwa wametoka katika dhoruba kali, na bila shaka walitamani kurudi chomboni upesi. Bwana hakurudi. Hakuuliza ni nani aliyemroga mtu huyu, wala hakuuliza ukoo wake ulitenda kosa gani. Aliuliza jina. Na baada ya muda watu wa mji walipokuja kutazama, walimkuta yule waliyemfahamu kwa kelele zake ameketi, amevaa nguo, na akili zake timamu.

Injili hii yaweza kusomwa vibaya, na katika vijiji vingi husomwa vibaya. Haisemi kwamba kila mwenye kurukwa na akili ana pepo. Kanisa lenyewe halimruhusu padri kufanya ibada kuu ya kufukuza pepo pasipo idhini ya Askofu, na Katekisimu yake ya mwaka 1992 yaagiza kwamba kwanza ihakikishwe kama si ugonjwa. Kwa maana kuutunza ugonjwa wa akili ni kazi ya waganga. Basi mkatekumeni asiisome sura hii ili ajifunze kutafuta pepo katika jirani yake. Na aisome ili aone namna Bwana alivyomkaribia mtu ambaye wengine wote walikuwa wamemwachia makaburi.

Katika nchi ya Kasongo na Kabambare makaburi ya namna hiyo hayako mbali na nyumba za watu.

Kijana huondoka kwao akiwa na miaka 16 au 17. Aenda upande wa Salamabila na Namoya, au kwenye machimbo mengine ya Kabambare, ambako dhahabu hutafutwa kwa sururu, beleshi na karai. Shimoni mna maji ya baridi, hewa haitoshi, na udongo waweza kuporomoka saa yoyote. Mwenzake ampa bangi ili woga uondoke. Jioni ampa lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayochemshwa na kukingwa tone kwa tone, ili mwili upate joto na usingizi uje. Mgongo ukiuma, yuko muuzaji apitaye na sanduku lake la vidonge: tramadoli ya kuua maumivu, na vingine ambavyo hata yeye mwenyewe hajui majina yake. Hivyo hupita juma, hupita mwezi. Hapo mwanzo kijana haoni kwamba ametenda jambo kubwa, na kwa kweli sababu zake ni za kibinadamu: woga, baridi, maumivu, upweke, na kwa wengine kumbukumbu za yale waliyoyaona utotoni wakati watu wenye silaha walipoingia kijijini. Wale wasemao upesi kwamba vijana wa siku hizi ni wapotovu tu, yafaa wakumbuke jambo hili.

Baada ya mwaka mmoja au miwili arudi nyumbani mikono mitupu. Siku za kwanza hufurahiwa. Kisha sufuria ya mama yake haionekani. Kisha mbuzi wa mjomba. Kisha bati moja la paa. Usiku haladi kitandani wala hataki taa izimwe. Aongea peke yake. Asema kwamba watu walioko nje wanamtaja jina. Akikosa kunywa asubuhi, mikono yamtetemeka hata hawezi kushika kikombe cha chai.

Ndipo wazee wakutana. Mmoja asema amerogwa na wenzake wa machimbo kwa ajili ya dhahabu. Wa pili asema ni utovu wa adabu, apigwe. Wa tatu ashauri apelekwe kwa mfumu. Wa nne ajua nyumba ya maombi ambako wagonjwa hufungwa kamba na kunyimwa chakula siku nyingi, ati pepo ashindwe kwa njaa. Mbuzi waliosalia hutolewa kwa kazi hiyo. Mama amekaa kimya karibu na mlango. Na katika wazee hao wote hakuna aliyemwuliza kijana mwenyewe anakunywa nini, kiasi gani, tangu lini, na anasikia nini usiku.

Wazee wa bonde la Lualaba wajua ugonjwa mwingine uliowahi kuhukumiwa hivyo hivyo: malale. Mtu mpole alianza kusinzia barazani mchana, na usiku akatembeatembea. Akawa mkali kwa mke wake, akasema maneno yasiyo na mpango, akasahau shamba lake. Wengi walisema ni uchawi, na wengine waligombana na majirani kwa sababu hiyo. Kumbe mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, aliyeletwa na mbung'o, alikuwa ameingia katika damu, na hatimaye katika ubongo. Waganga walikuja na darubini zao, wakapapasa shingo za watu kijiji kwa kijiji, wakachoma sindano. Na waliotibiwa mapema walirudi katika akili zao. Uchawi uliodhaniwa uliondoka kwa sindano.

Mtu atajibu kwamba malale humpata mtu asipotaka, lakini bangi na lutuku huvitia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Ni kweli, na neno hili litajibiwa hapo chini. Lakini kwanza ifahamike kazi ambayo kileo hufanya ndani ya mwili.

Mungu ameweka katika ubongo wa mwanadamu njia za furaha. Chakula baada ya njaa, maji baada ya safari, sifa ya baba, kicheko cha mtoto, kazi iliyokwisha vizuri: vyote hivi hupita katika njia hizo, na ndiyo maana mtu hupenda kuishi na kurudia yaliyo mema. Kileo huingia katika njia zile zile, lakini kwa nguvu kama mto uliofurika. Mwanzoni furaha ni kubwa. Ubongo, ili ujikinge, huanza kuziba njia zake kidogo kidogo. Basi kiasi cha jana hakitoshi leo. Na furaha zile ndogo, chakula na kicheko cha mtoto, hazisikiki tena. Mwishowe kijana hanywi ili afurahi. Anakunywa ili asitetemeke. Hali hii waganga huiita uraibu, nao huihesabu kuwa ugonjwa. Kwa vijana ni mbaya zaidi, kwa sababu ubongo wa mtu haujakomaa kabla ya miaka yapata 25. Bangi nyingi iliyoanzwa katika umri mdogo yaweza kufungua mlango wa ugonjwa wa akili wenye kusikia sauti na kuona maadui wasiokuwapo, hasa kama katika ukoo mmekuwamo ugonjwa wa namna hiyo. Tramadoli ikinywewa kwa wingi huleta kifafa. Na pombe iliyochanganywa na spiriti ya viwandani huweza kumpofusha mtu na kumwua.

Taabu hii si ya machimbo peke yake. Katika mwaka 2021 Kinshasa nzima ilishtuka kwa habari za kileo kipya kilichoitwa bombé. Vijana waliwanunulia wezi kifaa kimoja cha bomba la moshi la magari, wakasaga kilichomo ndani yake, wakachanganya na vidonge vya hospitali na madawa mengine, wakavuta. Walionekana wamesimama barabarani saa nyingi, wameinama, kama watu waliolala wima. Polisi waliwakamata wengi. Lakini mwenye kukamatwa bila kutibiwa hutoka gerezani na kiu ile ile.

Sasa lile neno la mkono wake mwenyewe. Wakatekumeni wamezoea kujifunza kwa swali na jibu, basi na lifuatwe hapa pia.

Swali: Je, mwenye kulewa hutenda dhambi?

Jibu: Ndiyo. Anayejinyang'anya akili yake kwa kujua na kwa kutaka, akaharibu afya aliyopewa na Muumba, hutenda dhambi nzito. Na anayewauzia vijana madawa hayo ili apate faida, dhambi yake yazidi.

Swali: Je, yule aliyekwisha kufungwa na kileo ana lawama sawasawa na yule anayeanza?

Jibu: Kanisa lafundisha kwamba lawama ya tendo huweza kupungua, au hata kuondoka kabisa, kwa sababu ya kutojua, woga, mazoea, au taabu ya nafsi. Kadiri ya lawama ya mtu huyu Mungu peke yake aijua. Watu waweza kuona tendo. Hawaoni minyororo iliyo ndani.

Swali: Je, mkatekumeni aliyeanguka tena katika ulevi afukuzwe katika mafundisho?

Jibu: Wakati wa Ubatizo huamuliwa kwa shauri la padri, na waweza kungojewa. Lakini nafasi yake katika benchi haiondolewi, kama vile kitanda cha mgonjwa hakiondolewi kwa sababu homa imerudi.

Jibu hili la tatu laonekana jepesi. Haikuwa hivyo siku zote, na ushuhuda wake uko katika orodha ya watakatifu wenyewe.

Katika nchi ya China, jimboni Hebei, aliishi mganga Mkristu jina lake Marko Ji Tianxiang, aliyezaliwa mwaka 1834. Alikuwa mtu wa heshima, na maskini aliwatibu bure. Alipopata maumivu makali ya tumbo alijitibu kwa afyuni, kama waganga wengi wa siku zile. Maumivu yaliondoka, afyuni ikabaki. Aliungama. Akaanguka, akaungama tena, akaanguka tena. Mwishowe muungamishi wake alikataa kumwondolea dhambi, kwa kuwa mtu anayerudia kosa lile lile kila mara alidhaniwa kuwa hana nia ya kuliacha. Padri huyo hakuwa mtu mbaya. Alifuata ujuzi wa wakati wake, na ujuzi huo haukujua uraibu ni nini. Hivyo Marko Ji alikaa miaka 30 bila Ungamo na bila Komunyo Takatifu.

Miaka 30! Na muda huo wote hakuliacha Kanisa. Alikuja Misa, akasali, akawaona wengine wakiinuka kwenda kupokea Mwili wa Bwana, naye akabaki mahali pake. (Wako Wakristu ambao huacha Misa mwezi mzima kwa sababu mtu mwingine amekalia nafasi yao.) Aliomba neema moja tu, kufa shahidi, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kuingia mbinguni. Mwaka 1900 waasi walioitwa Mabondia walipowaua Wakristu wa China, Marko Ji alikamatwa pamoja na watu wa nyumba yake, watoto na wajukuu. Aliwaomba wauaji wamwue yeye wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa jamaa yake atakayekufa peke yake. Akafa tarehe 7 ya mwezi wa saba, akiimba Litania ya Bikira Maria. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wafiadini wengine wa China tarehe 1 ya mwezi wa kumi, mwaka 2000.

Hakuna habari kwamba aliwahi kuishinda afyuni. Kanisa lajua hivyo, na hata hivyo limemweka altareni.

Mwingine alishinda. Matt Talbot alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Dublin, nchi ya Ireland, katika nyumba ya maskini. Alianza kunywa akiwa na miaka 12. Kila Jumamosi mshahara wake wote uliishia katika nyumba ya pombe. Alipokosa fedha aliuza viatu vyake. Na mara moja, yeye na wenzake walimwibia maskini mmoja zeze lake alilopigia barabarani kwa kujipatia chakula, wakaliuza wakanywa. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alisimama nje ya nyumba ya pombe bila senti, akawangojea rafiki aliowanunulia mara nyingi. Walipita bila kumwalika. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba ataweka ahadi ya kuacha.

Hapa iangaliwe busara ya jambo. Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi mitatu. Miezi mitatu ilikuwa mateso: mwili ulidai, rafiki waliita, jioni hakujua aende wapi. Alibadili njia ya kurudi kazini ili asipite penye milango ile, akawa aingia kanisani saa ambayo zamani aliingia pombeni. Ilipokwisha miezi mitatu aliahidi sita, kisha maisha yote. Miaka mingi alimtafuta yule mpiga zeze amlipe. Hakumwona, akatoa fedha za Misa kwa ajili yake. Alifariki mwaka 1925 njiani akienda Misa, na mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita alimpa cheo cha Mheshimiwa.

Tena katika Marekani, mwaka 1935, walevi wawili, mmoja mfanyabiashara na mmoja daktari wa upasuaji, waligundua katika mji wa Akron kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake kwa kweli, bila kuhubiriana, kila mmoja hupata nguvu ya kukaa siku moja bila kunywa. Kutoka kwao vilizaliwa vikundi vilivyoenea duniani. Shirika la Wakristu la mtaani laweza kufanya vivyo hivyo: watu wawili au watatu waliowahi kuanguka wakutane kila juma, waambiane kweli, na yasemwayo humo yasitoke nje.

Lakini sala na mazungumzo havitoshi kwa kila mgonjwa, na hapa lipo onyo ambalo yafaa lisomwe mara mbili. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu asifungiwe chumbani ili aache ghafula. Ndani ya siku moja au mbili mwili wake waweza kuingia katika kifafa; siku ya pili hadi ya nne aweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu na watu wasiokuwapo, kuwaka homa, na kufa. Wengi waliodhaniwa kuuawa na pepo mkali wakati wa maombi, waliuawa na jambo hili. Mtu wa namna hiyo hupelekwa kwa mwuguzi kwanza. Zipo dawa za kuutuliza mwili katika siku hizo, na vitamini za kuukinga ubongo.

Mlango wa kwanza, basi, ni kituo cha afya. Wakaaji wa Kasongo wasikidharau. Tangu mwaka 1971 jina la mji wao lilijulikana na waganga wa nchi nyingi, kwa kuwa hapo ndipo wauguzi Wakongo, pamoja na waganga waliotoka Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerpen, walipoonyesha kwamba kituo kidogo chenye mwuguzi mwema, kikishikamana na hospitali, chaweza kuutunza umati wa vijijini. Na tangu mwaka 2010 Shirika la Afya la Ulimwengu limetoa kitabu cha kuwaongoza wauguzi na waganga wasio wa akili hasa, ili nao waweze kuwasaidia wenye uraibu, wenye kusikia sauti, na wenye huzuni nzito. Mgonjwa aende pamoja na ndugu anayemwamini. Huyo ndugu aseme kweli yote: kileo gani, kiasi gani, mara ya mwisho saa ngapi, kama amewahi kuanguka kifafa. Aibu ikimfunga mdomo, mwuguzi atatibu asichokijua. Kituo kikishindwa, kitaandika barua ya kumpeleka hospitali kuu.

Zipo pia nyumba za kutunzia akili zilizo mbali. Mabruda wa Mapendo, waitwao kwa Kifaransa Frères de la Charité, wana kituo cha SOSAME huko Bukavu, na Lubumbashi kituo chenye jina la Daktari Joseph Guislain. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1807 na padri Triest katika mji wa Gent, Ubelgiji, na mwaka 1815 padri huyo aliwatoa vichaa waliofungwa minyororo katika vyumba vya chini ya ardhi vya jengo moja la kale la mji ule. Kinshasa wako Masista wenye kituo kiitwacho Telema, neno ambalo kwa Kilingala ni kusema, Simama. Safari ya kwenda Bukavu ilikuwa ngumu siku zote, na vita vilivyoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025 vimeifanya kuwa ngumu zaidi. Asiondoke mtu na mgonjwa kabla ya kuuliza hospitalini na parokiani habari za njia.

Na minyororo haikuwa ya Gent wala ya Gerasi tu. Katika mji wa Bouaké, nchi ya Kodivaa, fundi mmoja wa kutengeneza matairi, Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin, alianza kuwatembelea wagonjwa wa akili waliotembea uchi barabarani na waliofungwa kwenye miti vijijini na jamaa zao. Hakuwa mganga, hakuwa padri; na alikuwa mwenyewe amepita katika huzuni iliyomfikisha karibu na kujiua. Aliwakata minyororo, akawaogesha, akawatafutia dawa na wauguzi, na wengi wa wale waliopona walibaki kuwatunza wenzao.

Jamaa wasiokuwa na nauli ya kwenda popote wanayo kazi nyumbani. Wasizungumze na kijana wakati amelewa, wangoje asubuhi. Wasimpe fedha mkononi, lakini chakula wasimnyime. Akisinzia asiamke, au pumzi ikiwa ndogo na midomo ikigeuka rangi, au kifafa kikimshika, abebwe hospitalini saa ile ile, hata usiku. Akisema kwamba amechoka kuishi, asiachwe peke yake, na dawa za wadudu na kamba ziondolewe nyumbani. Kumwuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Akipewa dawa za akili, asiziache siku anapojisikia vizuri, maana ni dawa hizo zilizomfanya ajisikie vizuri. Na akianguka tena baada ya miezi mitatu, aanzishwe tena miezi mitatu.

Neno moja juu ya wamama wanaopika lutuku. Ni rahisi kuwakemea Jumapili. Wengi wao ni wajane, na kwa moto ule ule hulipa ada ya shule ya watoto wao. Parokia inayowaambia waache, sharti iwatafutie kazi nyingine, sabuni au mafuta ya mawese au shamba la pamoja. La sivyo watazima moto siku ya Jumapili na kuuwasha Jumatatu.

Mbele ya Ubatizo mkatekumeni hupakwa mafuta kifuani au mikononi, yaliyobarikiwa na Askofu, ili apate nguvu ya kupigana na mwovu. Mafuta hayo hupewa mtu kabla hajashinda. Na Mkristu aliyekwisha kubatizwa, ugonjwa wa akili ukiwa mzito, aweza kupewa Mpako wa Wagonjwa sawasawa na mwenye homa kali, akiwa na akili za kutosha kuutamani. Jamaa wamwite padri. Wasingoje siku ya kufa.

Imebaki sehemu ya Injili ambayo husomwa haraka. Watu wa Gerasi walipomwona jirani yao ameketi, amevaa, ana akili, hawakufanya karamu. Waliogopa. Nguruwe wao yapata elfu mbili walikuwa wamezama baharini, na uponyaji wa mtu mmoja uliwaonekea kuwa ghali mno. Wakamsihi Yezu atoke katika nchi yao, naye akaingia chomboni. Yule aliyeponywa aliomba aende pamoja naye. Ombi lake ni rahisi kufahamika: mbele yake kulikuwa na Bwana, nyuma yake watu waliomfunga. Bwana hakumkubalia. Alimwambia arudi kwao, kwa jamaa yake mwenyewe, akawasimulie rehema aliyoipata.

Akaenda, na alama za pingu zingali mikononi. Injili haisemi ni nani aliyemfungulia mlango jioni ile.